Waya Mbili za Kumfikia Amedeus

Judica Mmari aliingia kwa fundi Valence akiwa na tope mpaka kwenye nyusi, na kabla hajazima pikipiki alikuwa ameshaanza kusema.

"Fundi, kaka yako yuko porini. Nilimwacha akiwa hai. Nakuambia mapema ujue, nilimwacha akiwa hai."

Valence Mapunda alikuwa amechuchumaa mbele ya kibanda chake pale Msamala, amepakata dainamo ya lori. Akaiweka chini taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. Amedeus alikuwa kaka yake wa pekee. Baba yao alipofariki, Amedeus ndiye aliyeacha shule akashika jembe la tumbaku ili mdogo wake asome ufundi. Ukubwani akawa mtu wa porini, anayejua njia za wanyama, na mradi mmoja wa kupima mipaka ya misitu ya vijiji ukamchukua awe mwongozaji. Judica ndiye aliyekuwa mpimaji wa mradi huo. Alikuja Songea kutoka Moshi mwaka uliopita, na Amedeus akamchukua kama binti yake.

"Kaa," Valence alisema. "Eleza."

Hakukaa. Alieleza huku ameshika usukani kana kwamba pikipiki ingemkimbia. Jana walikuwa ndani kabisa ya pori, kaskazini ya barabara ya Namtumbo, wakifuata njia ya tembo. Amedeus alitangulia kwa miguu kukata matawi, akakanyaga mtego wa majangili, ule wa chuma wenye meno, uliofukiwa kwenye majani. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Judica aliupanua mtego kwa chuma cha kufungulia tairi. Akamfunga mguu, akampandisha kwenye pikipiki, Amedeus akazimia, akaanguka. Akampandisha tena, akaanguka tena, na safari hii alilia kwa sauti ambayo Judica hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Basi Amedeus mwenyewe akamwambia awashe moto, amwachie maji, aende akalete watu.

"Nikabonyeza GPS ikaweka alama pale alipolala," alisema. "Halafu mvua ikanyesha. Nyayo zote, alama za tairi, kila kitu kikafutika. Nimetoka kwa kufuata mshale wa kile kidude mpaka kijijini."

"Sasa si turudi kwa mshale huohuo?"

Judica akatoa kifaa mfukoni. Kilikuwa kama redio ndogo yenye kioo cha kijivu. Akafungua mgongo wake, na Valence akaona mwenyewe.

Siku hizo maduka ya Songea yalikuwa yamefurika betri za kila rangi. Wazee waliokumbuka kupanga foleni kwa ajili ya jozi moja ya betri walizishangaa: zilimwagwa barazani kama dagaa, za bei ya kutupa. Ofisi ya mradi ilinunua boksi zima. Zilikuwa zimevuja. Unga mweupe na ukungu wa kijani vilikuwa vimekula springi zote, na kifaa kilipozimika pale kijijini, springi moja ilikatika Judica alipojaribu kuikwangua kwa kisu. Alikuwa amenunua betri nyingine, hazikusaidia kitu. Wanaume wa kijiji waliingia porini jioni ileile na tochi zao, wakaita mpaka wakakaukwa sauti, wakatoka mikono mitupu. Alfajiri waliingia tena. Yeye akaja mjini. Mkuu wake alikuwa Dar es Salaam, na gari la mradi na GPS nyingine vilikuwa huko huko pamoja naye.

Valence alichokonoa kwa ncha ya bisibisi. Hata vishina vya springi vilikuwa vimeoza mpaka ndani. Hapakuwa na mahali pa kuchomelea.

"Namba za pale alipo unazikumbuka?"

Judica akatikisa kichwa. "Mikono yangu ilikuwa imejaa damu yake. Nilibonyeza tu. Ziko humu ndani."

Akageuza kifaa. Nyuma palikuwa na kifuniko cha mpira, na chini yake tundu dogo la duara. Kwenye mkoba akatoa waya mpya, bado umefungwa kwa kikamba chake cha kiwandani: upande mmoja kichwa cha kuingia kwenye tundu lile, upande wa pili waya nne nyembamba zilizo uchi.

"Mkuu huwa anakichomeka kwenye gari, pale pa kuwashia sigara," alisema. "Kwa waya mwingine lakini, huu hatujawahi kuutumia. Nimesikia nyekundu na nyeusi ndizo za umeme, zile nyingine mbili ni za kompyuta."

"Gari ni volti kumi na mbili," Valence alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mtu. "Pikipiki hii nayo kumi na mbili."

Betri nyingine hakuwa nayo. Umeme wa mji ulikuwa wa mgawo, na betri zote zilizopangwa kibandani zilikuwa zimeletwa kuchajiwa, zimekauka kama magogo. Ya pikipiki yenyewe ilikuwa nzee. Ingehitaji injini iipe chaji njia nzima. Hivyo kifaa kingefungwa kwenye pikipiki, na pikipiki ingekwenda nacho.

Akaanza kazi. Lakini mikono haikuwa yake. Alimenya waya akaukata, akamenya tena. Kila alipofumba jicho alimwona Amedeus amelala kwenye majani ya miombo mvua ikimpiga usoni. Karibu kabisa na usukani palining'inia waya wa taa ya mbele. Akauchuna, akagusisha taa yake ya kupimia, Judica akapiga kiki, balbu ikawaka. Umeme upo. Akaunga nyekundu pale, nyeusi kwenye bodi, akazungusha tepu, akachomeka kichwa kwenye tundu.

Kioo kikawaka.

"Asante Yesu!" Judica alipiga kelele, na katika furaha ile akavuta mafuta. Injini ikanguruma, kioo kikawa cheupe kama karatasi, kikazimika. Harufu ya kuungua ikapanda kati yao.

Valence alizima injini, akabaki ameinama. Waya wa taa ya mbele hupokea umeme mbichi kutoka kwenye koili, haupiti betri, na unapanda na kushuka kadiri injini inavyovutwa. Alilijua hilo tangu akiwa mwanafunzi wa ufundi. Balbu ya kupimia haiwezi kukuonyesha tofauti, inawaka tu. Alilijua, na bado mkono ulikwenda kwenye waya ule kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

"Shemeji," sauti ilisema nyuma yake. "Ndiyo nini hicho kinachonuka?"

Alikuwa Benigna, mke wa Amedeus. Habari ilikuwa imemfikia sokoni. Alikuwa bado ameshika kikapu, mboga zikimwagika nyuma yake njia nzima. Judica ndiye aliyesema yote, kwa sauti ya chini, tangu mtego hadi moshi ule. Benigna alimsikiliza bila kumtazama.

"Kwa hiyo mume wangu yumo humo," alisema mwishowe, akikionyesha kifaa kwa kidevu. "Na mmekichoma."

"Sijui, shemeji. Ngoja. Ngoja nitazame."

Valence aliupapasa waya mpya, na katikati yake akakuta uvimbe wa plastiki. Akaufungua. Ndani palikuwa na fyuzi ndogo ya kioo, imekuwa nyeusi tii. Fyuzi imekufa, huenda imekufa ikikilinda kifaa, huenda imechelewa. Namna ya kujua ilikuwa moja tu. Fyuzi ya ukubwa ule hakuwa nayo, na kuweka uzi wa shaba mahali pake ilikuwa kumwacha kaka yake bila kinga yoyote kama angekosea tena. Akapekua rafu nzima. Kulikuwa na redio ya gari ya mteja, tayari imetengenezwa na kufutwa vumbi, inangoja mwenyewe. Akazirarua waya zake, akachomoa fyuzi yake. Iliingia.

Safari hii aling'oa kiti cha pikipiki, akaenda kwenye betri yenyewe. Nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi. Alimwomba Judica asome rangi kwa sauti huku yeye akifunga, kwa sababu hakuyaamini tena macho yake. "Nyekundu." "Nyekundu, naona." "Nyeusi." "Nyeusi." Waya akaupitisha chini ya tangi mpaka kwenye usukani, akakifunga kifaa kwa vipande vya mpira wa tyubu.

"Kiwashe wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Judica akabonyeza. Kioo kilikaa kimya muda mrefu kiasi cha Benigna kuanza kusema Salamu Maria. Kisha mistari ya kijivu ikatokea, maandishi yakafuata, yakatulia. Judica akapekua hadi alama ya mwisho. Mshale ukageuka polepole, ukaelekea mashariki na kaskazini kidogo, juu ya mapaa ya Msamala.

"Yumo," alisema. "Bado yumo."

Benigna aliingia kwa jirani akarudi na blanketi. Akampa Valence. "Ukimkuta amekufa, usimwache huko tena. Njoo naye." Kisha akamgeukia Judica, akamtazama kwa mara ya kwanza; msichana alikuwa ameloa na anatetemeka mwili mzima. Benigna akafungua khanga yake ya juu, akamfunga nayo mabegani kwa nguvu, karibu kwa hasira.

Barabara ya Namtumbo ilikuwa tope tupu. Valence aliendesha, Judica amemshika kiunoni, na kila pikipiki ilipodunda kwenye shimo wote wawili walitazama kioo kwanza ndipo wakatazama njia. Walipita malori yaliyokwama, madereva wamelala chini yake. Mara mbili walianguka. Mara ya pili waya wa betri ulichomoka, kioo kikafa, na Valence akaurudisha akiwa amepiga magoti kwenye tope, anasema peke yake kama mwehu, "Taratibu, taratibu, kaka, nakuja."

Katika kijiji cha mwisho waliwakuta wanaume wamerudi tena kutoka porini. Mmoja wao, mrina asali aitwaye Bakili, alikuwa amekaa kizingitini anachomoa miiba miguuni.

"Shikamoo mzee," Valence alimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye ndugu yake? Pole, mwanangu. Tumeita mpaka basi. Pori lile ni kubwa, na mtu aliyeumia hawezi kuitika." Akakitazama kifaa usukanini. "Hicho kinajua?"

"Kinajua mahali. Kama hakizimiki."

"Basi tangulieni, sisi tunafuata na machela. Vunjeni matawi mnakopita. Inshallah tutawakuta."

Ndani ya miombo mambo yaligeuka. Majani yalifunika anga, na kifaa kikawa kinapoteza mshale. Walilazimika kusimama kila penye uwazi na kungoja, injini ikinguruma, mpaka mshale urudi. Wakati mwingine ulirudi ukiwaonyesha kuwa wamepotoka. Judica hakuitambua hata njia moja. "Miti ni ileile," alikuwa akisema. "Kila mti ni uleule." Kisha wakafika kwenye korongo ambalo jana alilivuka kwa pikipiki bila kulowesha viatu. Sasa lilikuwa na maji ya kahawia yanayobeba magogo.

Pikipiki haikuwa na pa kupita. Kifaa kilionyesha kilomita mbili na ushee.

Valence hakufikiri sana. Alitoa spana, akaifungua betri kutoka kwenye mabano yake, akaiweka ndani ya kofia yake ngumu ya pikipiki, waya na kifaa bado vimeshikana nayo. Akaikumbatia kofia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, na kwenye maji akainyanyua juu ya kichwa. Maji yalimfika kifuani. Gogo lilimpiga ubavuni akayumba. Judica akamshika mkanda kwa nyuma na kumvuta. Walipotoka ng'ambo alihisi moto tumboni. Asidi ilikuwa imechirizika kwenye fulana. Akavua fulana, akajimwagia maji, akaendelea. Ngozi ilikuwa inachubuka na hakuwa na nafasi ya kuisikia.

Bila injini, betri ilianza kuchoka. Kioo kikafifia. Wakawa wanakizima, wanatembea, wanakiwasha kuona mshale, wanakizima tena. Kila walipokiwasha maandishi yalikuwa hafifu zaidi, kama mtu anayezungumza huku analala.

"Mita mia mbili," Judica alisoma. Kisha arobaini. Kisha akaacha kusoma akakimbia.

Mtego ulikuwepo, meno wazi. Majivu ya moto yalikuwepo, yameloa. Dumu la maji lilikuwa limelala ubavu, tupu. Amedeus hakuwepo.

Judica aliketi chini pale pale. "Ni hapa," alisema. "Fundi, ni hapa. Ilikuwa hapa." Alikuwa anapapasa majani kwa viganja kama mtu aliyepoteza sindano.

Valence aliita. Aliita jina la kaka yake, akaita jina la ukoo, akaita kama walivyokuwa wakiitana utotoni mashambani. Pori likanyamaza. Aliiangalia betri kifuani mwake, zigo lote lile, waya zote zile, na akaona kuwa vimemleta kwa uaminifu mahali ambapo hapakuwa na mtu. Fisi, aliwaza. Kisha akajikataza kuwaza. Mvua ilikuwa imesawazisha ardhi. Hapakuwa na alama ya kuburuzwa wala damu mpya. Akazunguka huku na huku akaanza kulia waziwazi, mdomo wazi, kama mtoto.

Hivyo ndivyo Bakili na wenzake walivyowakuta. Bakili hakuwapa pole. Alikuwa anaruka na kujipiga miguuni.

"Siafu!" alisema. "Hamwoni? Mmesimama kwenye njia yao."

Kweli, mstari mweusi ulikuwa unapita kandokando ya majivu, unapinda pale damu ilipokuwa imemwagika jana, unaendelea. Valence aliutazama, na kitu kikamfunguka kichwani.

"Walimjia usiku," alisema. "Damu iliwaita. Moto ulikuwa umezimwa na mvua."

"Mimi ningeshuka majini," Bakili alisema. "Siafu wakikupanda, hakuna dawa nyingine."

Wakashuka. Upande wa chini ulikuwa na vichaka vya mianzi na kijito kinachoingia kwenye korongo lile. Walijitandaza, wanaita. Valence ndiye aliyemwona: unyayo mmoja mweupe, umetokeza chini ya mizizi ya mti ambao maji yalikuwa yamechimba chini yake. Alidhani ni maiti. Alipiga magoti ndani ya maji, akaugusa unyayo ule, ukarudi nyuma.

Amedeus alikuwa amejisukuma chini ya ukingo mpaka shingoni kwenye matope. Uso wote ulikuwa umevimba kwa kuumwa, macho yamebaki mistari miwili. Alitazama bila kutambua.

"Kaka. Ni mimi. Ni Valence."

Midomo ilisogea kwa muda kabla sauti haijaja. "Mlongo wangu," alisema, kwa lugha ya nyumbani kwao, ndugu yangu. "Watoe hao. Watoe miguuni."

"Hawapo tena, kaka. Hawapo."

"Watoe."

Basi Valence akaanza kupangusa miguu isiyokuwa na kitu, mpaka Bakili alipomshika bega na kumwambia inatosha, wamweke kwenye machela.

Walimvusha korongo wakiwa wanane, maji yakiwa yamepungua kidogo. Pikipiki waliiacha pale. Kutoka kijijini lori la tumbaku lilimchukua hadi Songea, likampakia Benigna aliyekuwa amesimama barabarani tangu walipoondoka, na kwa maombi yake dereva hakusimama mjini, aliunganisha moja kwa moja mpaka hospitali ya Peramiho. Madaktari walimwokoa. Mguu hawakuweza, ulikuwa umeshaoza, waliukata juu kidogo ya goti.

Wiki za mwanzo Amedeus hakutaka kumwona Judica. Msichana alikuja kila Jumapili kwa basi dogo la kutoka mjini, akaketi kwenye benchi la nje na mfuko wa machungwa, Benigna akayapokea mlangoni na kumwambia, "Leo bado." Judica alikuwa ameacha kazi ya mradi. Alisema hawezi tena kumbonyeza mtu kwenye mashine na kumwacha. Jumapili moja Amedeus mwenyewe akasema aingizwe.

Judica alisimama mbali na kitanda. "Ningebaki na wewe," alisema, "ningeulinda moto usizimike."

"Ungebaki tungekufa wawili." Alisema bila upole, kama mtu anayesoma hesabu. "Nilikuwa na hasira na wewe kwa sababu ulikuwa na miguu. Kaa."

Akakaa. Valence alikuwa upande wa pili wa kitanda, bendeji bado tumboni chini ya shati. Walizungumza habari za mvua, na za mwenye redio ya gari aliyekuja kudai redio yake na kusikia kisa chote akaondoka bila kudai tena. Kisha Amedeus akakunja uso.

"Valence. Nikune kidole gumba. Cha mguu ule."

Benigna akatazama pembeni. Valence alisita, akakitazama kitanda pale shuka ilipokuwa imelala bapa. Akainama, akapeleka mkono mpaka mahali ambapo kidole kingekuwa, akakuna shuka taratibu.

"Juu kidogo," Amedeus alisema, amefumba macho. "Hapo. Hapo hapo."